Mume wangu anataka kujinyoa kwa wembe kabla ya operesheni ya busha

Shikamoo Bi Nesi,

Mimi ni mke wa mkulima wa korosho huku Tandahimba. Baba watoto ana busha la miaka mingi. Lilianza dogo, akawa analificha kwa suruali pana, sasa hata msuli hauwezi kulificha. Safari hii pesa za mnada zilipoingia tulikubaliana akafanyiwe operesheni. Hospitali wamempima na wamempa tarehe, zimebaki kama wiki tano.

Tatizo limetokea nyumba ya pili. Mke wa shemeji yangu alijifungua kwa upasuaji baada ya kuhangaika na uchungu siku mbili. Aliruhusiwa mshono ukiwa mkavu kabisa. Siku ya nane ukaanza kutoa maji, baadaye usaha, mwisho ukaachia. Akarudishwa wodini, akakaa karibu wiki tatu anasafishwa kidonda na mtoto ananyonya kwa tabu. Tangu hapo ukoo umegawanyika. Mama mkwe anasema hospitali walitumia vyombo vichafu. Nesi wa huko naye alisema mbele ya watu kwamba sisi ndio tulioharibu, kwa sababu mama mkwe alimkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, kama tulivyokandwa sisi wote. Mama alilia, na mpaka leo neno hospitali hataki kulisikia.

Mume wangu ameyaona yote hayo. Hajasema haendi, ila ameanza kujipangia mambo yake. Anasema usiku wa kuamkia operesheni atajinyoa mwenyewe kwa wembe, maana hataki kushikwa na nesi wa umri wa binti yake. Kaka yake kamletea kapsuli za rangi mbili aanze kuzimeza wiki nzima kabla, eti damu iwe tayari. Na kijiweni wanamwambia kuna mtu anavuta maji ya busha kwa sindano, dakika chache umemaliza, hakuna kisu wala mshono.

Bi Nesi, ana kisukari. Dawa anameza akikumbuka. Alipopima mara ya mwisho ilisoma 14. Sigara nazo anavuta, si nyingi, lakini hakosi. Naomba uniambie, nani alisema kweli kuhusu yule mzazi? Na nifanye nini huyu wangu asije akatunga usaha?

Mke wa mkulima, Tandahimba


Marahaba mwanangu, na mpe pole huyo mzazi.

Nimefanya kazi wodi za upasuaji huku Kusini mpaka nikastaafu, na barua yako ina karibu kila jambo nililokuwa nalisemea asubuhi ya operesheni, saa ambayo hakuna tena la kurekebisha. Wewe umeniandikia mapema. Watu huhangaika na kidonda kikishashonwa, wakati usaha mara nyingi hutengenezewa njia kabla kisu hakijagusa ngozi, au saa ile ile kinapogusa. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye hizo wiki tano.

Wembe kwanza. Usitumike kabisa. Ngozi ya sehemu ile imekunjamana, na hata mkono mtulivu utaikwaruza. Mikwaruzo mingine huwezi kuiona kwa macho, lakini bakteria wanaoishi juu ya ngozi ya kila mwanadamu wanaingia humo usiku, na kukicha wameshazaliana pale pale daktari anapotaka kupasua. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji, mwaka 2016, lilikataza kunyoa kwa wembe wakati wowote, iwe wodini au ndani ya thieta. Nywele zikiachwa hazidhuru. Kama zinamzuia daktari kufanya kazi, zinapunguzwa kwa mashine. Wauguzi wa rika langu wengi tulifundishwa kazi kwa wembe, na wapo ambao mazoea hayajawatoka, kwa hiyo akimkuta mmoja wa hao, baba watoto aseme kwa upole, "Naomba mashine." Hakuna atakayemfukuza kwa hilo.

Aibu yake naielewa, simcheki. Aende siku moja kabla ya tarehe, au siku ya kliniki, aombe kuandaliwa na muuguzi wa kiume. Wapo, na ombi hilo wanalisikia kila mara. Huku pwani yetu matende na mabusha si jambo geni, na waliomo mle ndani wameyaona makubwa kuliko lake.

Huyo wa sindano mpite mbali. Busha ni maji yaliyokusanyika ndani ya mfuko unaozunguka korodani, na mfuko ule ukibaki, maji yanarudi. Kinachobaki ni tundu la sindano ambayo hujui ilichemshwa wapi, na usaha wa ndani ya mfuko ule ni mbaya kuliko busha lenyewe. Na wale wanaomwambia ameze tu zile dawa za matende zinazogawiwa na serikali pale panapokuwa na zoezi la kuzigawa, nazo ni nzuri na azimeze, zinaua vimelea vinavyosambazwa na mbu. Busha ambalo limeshajaa haziliondoi.

Sasa kisukari. Hapa ndipo penye kazi yako kubwa.

Sukari ikiwa juu kwenye damu, chembe nyeupe zinazopambana na bakteria zinakuwa nzito kufanya kazi, na mishipa midogo inayopeleka damu kwenye kidonda inapitisha kidogo. Kidonda kinachelewa kufunga, na kila siku kinapokuwa wazi ni nafasi kwa wadudu. Wataalamu wa Marekani katika mwongozo wao wa 2017 wanataka sukari ya mtu anayefanyiwa operesheni iwe chini ya 11.1 kwa kipimo kile kile kilichokuonyesha 14, na hilo wanalitaka hata kwa mtu asiye na kisukari. Mume wako yuko juu ya hapo. Wiki tano zinatosha kumshusha, mradi aanze wiki hii. Mpeleke kituo cha afya na kadi yake, wampime asubuhi kabla hajala, waone kama dawa anazopewa zinamtosha, halafu wewe uwe ndiye unayemkumbusha. Arudi kupima tena kabla ya safari. Usisubiri wampime siku ya operesheni, wakute 16, wamrudishe nyumbani baada ya nauli yote ile. Na wakimrudisha, tafadhali msione wamemdharau. Daktari anayeahirisha operesheni ya busha kwa ajili ya sukari amewafanyia hisani, kwa sababu busha linaweza kungoja mwezi mmoja zaidi.

Awaulize pia asubuhi ile ameze dawa zake za sukari au aache, maana atakuwa hajala. Hilo lijibiwe na daktari wa dawa za usingizi na ganzi. Mtu wa kijiweni halimhusu.

Sigara aache leo. Nikisema leo nina sababu ya hesabu: mvutaji akikaa bila sigara wiki nne au zaidi kabla ya upasuaji, hatari ya kidonda kuharibika inapungua, na ninyi mna wiki tano. Moshi unabana mishipa na kuichukulia damu nafasi ya hewa ya oksijeni, na nyama iliyokosa oksijeni haishikani vizuri. Nimeona wanaume wanaacha sigara kwa hofu ya kisu wakashindwa kuzirudia. Akiwa na bahati atakuwa mmoja wao.

Kapsuli zile za rangi mbili zitoe nyumbani. Najua shemeji yako alitoa pesa yake kwa mapenzi. Lakini antibiotiki ya kuzuia usaha inafanya kazi kwa saa, haifanyi kazi kwa wiki. Inatakiwa iwe ndani ya damu na nyama wakati ule kisu kinapoingia, ndiyo maana inachomwa ndani ya dakika 120 kabla ya kupasua, na kwa operesheni nyingi dozi hiyo moja inatosha. Akimeza wiki nzima kabla, anaua wadudu wanyonge na kuwaachia nafasi wale sugu, halafu anaingia nao thieta. Wakimshambulia, dawa ya kawaida haitawaweza, na huko ndiko wagonjwa wanakoanza kutafutiwa sindano za bei ya gunia la korosho.

Na lingine ambalo watu hawapendi kulisikia: baada ya operesheni safi iliyokwenda vizuri, kuendelea kumeza antibiotiki kwa ajili ya kuzuia tu hakuongezi kinga. Mwongozo ule ule wa 2016 unasema hivyo. Nimeshuhudia mgonjwa anaruhusiwa na panadoli peke yake, ndugu wanafika dukani kabla hajafika kwake, wananunua amoksilini kwa sababu wanaona wamedhulumiwa. Hawakudhulumiwa. Daktari akiziandika ana sababu yake, azimalize. Asipoandika, msijiandikie. Na kufungua kapsuli na kumwaga unga wake juu ya mshono, kama wanavyofanya wengi huku, kunatengeneza gaga ambalo chini yake usaha unakaa kimya.

Umeniuliza nani alisema kweli kuhusu mzazi. Nitakujibu kwa urefu, kwa kuwa naona limewaumiza kuliko kidonda chenyewe.

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi za kipato cha chini na cha kati, watu 11 kati ya 100 wanaofanyiwa upasuaji hupata maambukizi, na barani Afrika akina mama wanaojifungua kwa upasuaji hufikia hata 20 kati ya 100. Sasa hesabu wewe mwenyewe. Idadi hiyo haiwezi kuletwa na mabibi wenye mabeseni ya maji ya moto peke yao. Operesheni ya uzazi inayofanywa kwa dharura ina mzigo wake tangu mwanzo. Uchungu wa siku mbili maana yake huenda chupa ilishapasuka muda mrefu na mama amepimwa njia mara nyingi, na kila kipimo kinapandisha wadudu kutoka ukeni kwenda juu. Mama anaingia thieta amechoka, pengine damu yake iko chini. Bakteria wanaweza kuwa wameshafika kwenye mfuko wa uzazi kabla ya daktari hajavaa glavu.

Upande wa hospitali upo, tusiufunike kwa shuka. Kuna mikono iliyonawishwa haraka kwa sababu bomba halitoi maji. Kuna vyombo vilivyotolewa kwenye mashine ya mvuke kabla ya muda wake kwa kuwa mgonjwa mwingine anasubiri. Kuna mlango wa thieta unaofunguliwa kila dakika na mtu anayetafuta chaja. Kuna sindano ya antibiotiki iliyosahaulika ikachomwa wakati wanashona. Haya yanarekebishika hata pasipo na pesa nyingi. Hospitali tano za Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe zilijaribu kati ya 2013 na 2015: mgonjwa aogeshwe, asinyolewe, ngozi ipakwe dawa ya klorheksidini yenye spiriti, sindano ichomwe kwa wakati, mikono isafishwe kwa dawa ya spiriti, na watu wapunguze kuingia na kutoka. Maambukizi yakashuka kutoka asilimia 8.0 hadi 3.8. Spiriti ya mikono inaweza kuchanganywa hapo hapo hospitalini, ndiyo maana sikubali kabisa muuguzi akiniambia hawakusafisha mikono kwa sababu hapakuwa na maji.

Kukandwa je? Mama mkwe hakufanya vizuri, na hakuna aliyemwambia kwamba si vizuri. Maji ya moto juu ya mshono mpya yanalowesha ngozi inayojaribu kushikana, kitambaa cha kukandia kinaleta wadudu wake, na kule kuminya tumbo kunaweza kuachanisha nyuzi. Inawezekana kulizidisha tatizo. Inawezekana pia usaha ulikuwa umeshaanza chini chini na yeye akakuta mshono unaolegea wenyewe, kwa kuwa maambukizi mengi hujitokeza mgonjwa akiwa ameshatoka hospitali, na huhesabiwa kuwa ya operesheni ile mpaka siku 30. Hakuna mtu anayeweza kukuambia kwa uhakika ilikuwa lipi. Ninachoweza kulaumu ni ile siku ya kuruhusiwa. Pwani nzima ya Lindi na Mtwara mzazi anakandwa, kila muuguzi anajua, basi neno "msimkande penye mshono" lilipaswa kusemwa siku ile, kwa mama mkwe mwenyewe, kwa heshima. Kumwambia wiki moja baadaye mbele ya watu ni kumtwisha mzigo wote mtu ambaye hakupewa maelekezo. Ukipata nafasi mwambie mama kwamba mimi nimesema hivyo.

Tofauti na ile, operesheni ya mume wako imepangwa, haigusi utumbo wala njia ya uzazi, na madaktari huihesabu kuwa operesheni safi. Mzigo wake mkubwa ni sukari na sigara, navyo vyote viko nyumbani kwako.

Siku chache kabla, mtazame mapajani na chini ya busha. Ngozi inayosuguana huko hupata fangasi na vidonda vidogo, hasa kwa joto la kipindi hiki na mwenye kisukari. Kama vipo, vitibiwe kwanza, na awaambie hospitali. Akate kucha. Usiku wa kuamkia operesheni aoge mwili mzima kwa sabuni, na asubuhi kama inawezekana aoge tena. Sabuni ya kawaida inatosha. Najua huko juu Makondeni ndoo ya maji inauzwa, lakini siku hizo mbili usimbanie. Avae nguo iliyofuliwa na kukauka juani.

Akifika wodini ataje kisukari chake, dawa anazomeza, na kama aliwahi kuvimba au kuwashwa kwa penisilini. Kisha amuulize muuguzi, "Samahani, ile sindano ya kuzuia usaha nitachomwa saa ngapi?" Swali hilo peke yake linawakumbusha watu wengi. Si kila operesheni safi inahitaji sindano, kwa hiyo wakimjibu kwamba daktari ameona haihitaji, ni sawa. Na akisikia baridi mle ndani aombe blanketi. Anaweza kuona haya, mtu mzima kutoka jua la Tandahimba anaomba blanketi, lakini mwili ukipoa wakati wa operesheni mishipa ya ngozi inajibana na kidonda kinakosa damu.

Akirudi, bandeji ya kwanza ikae saa 48 bila kufunguliwa, isipokuwa imelowa au hospitali wamesema vingine. Anayeigusa anawe mikono kwa sabuni kabla na baada. Kwa mara moja mna bahati, maana kwa operesheni nyingine wageni wa kutoa pole hutaka wafunuliwe waone mshono, na hii hakuna atakayethubutu kuomba. Asikae kwenye beseni la maji ya chumvi wala ya moto. Akiruhusiwa kuoga, maji yamwagike kutoka juu, ajifute taratibu kwa kitambaa safi chake mwenyewe. Avae chupi inayoshikilia ili pasining'inie, asipande baiskeli wala kubeba chochote mpaka aambiwe, na palizi ya mwaka huu mfanye wengine. Asali, mafuta ya breki, majivu, chochote utakachoshauriwa kupaka, sema asante na usipake. Soda za wagonjwa wape watoto. Yeye mpe mbaazi, kunde, samaki, mayai, vitu vya kujenga nyama.

Uvimbe kiasi siku za mwanzo ni wa kawaida kwa operesheni hii, na maumivu yanatakiwa yapungue kila siku. Yakianza kupanda badala ya kushuka, au pakawa pekundu panapoenea, pa moto, panatoa usaha au harufu, au mshono unaachia, au homa ikafika 38, arudi pale alipofanyiwa operesheni siku hiyo hiyo. Asipitie duka la dawa. Ukiona ngozi inageuka nyeusi au inatoa malengelenge, maumivu makali yanapanda kuelekea tumboni au makalioni, na mtu amelegea, hiyo haisubiri asubuhi. Kwa mwenye kisukari maambukizi ya sehemu ile hula nyama kwa saa, si kwa siku, na anayewahi kusafishwa ndiye anayepona.

Kwa hiyo kabla hamjatoka wodini chukua namba ya simu ya wodi, na uulize ni siku gani ya kurudi kuangaliwa mshono. Katika zile pesa za mnada, tenga nauli ya gari ya kurudi hospitali hata usiku, uifunge mbali, na mume wako asijue ilipo mpaka siku 30 zipite.